Maji ya mvua yanafika kijitoni yakiwa machafu: mtaro upanuliwe, au yachujwe kwanza?

Mtaro_Wazi:
Wakuu, nina eneo la hekta 2, karibu lote ni mapaa na lami. Maji yake yote huingia mtaro mmoja wa zege unaomwaga kijitoni. Mvua kubwa ikinyesha mtaro unafurika, na dakika za mwanzo kijito kinageuka cheusi. Hata siku za jua kuna maji kidogo mtaroni, tena yana povu. Pendekezo lililopo ni kupanua mtaro. Je, bustani ya kuchujia maji, yaani bonde dogo la mimea ambalo udongo wake huchuja maji ya mvua, inaweza kufanya kazi hapo? Iwe na ukubwa gani, na kipi kianze?

ChembaSafi:
Mkuu, anza na hayo maji ya siku za jua. Mvua ikishakatika siku 2 au 3, mtaro wa maji ya mvua unatakiwa uwe mkavu. Ukiendelea kutiririka, ama maji ya ardhini yanapenya kwenye viungo vya mabomba, ama bomba la maji safi linavuja, ama kuna jengo limeunganisha maji taka humo. Povu linanifanya nishuku maji ya kufulia.

Fungua chemba moja moja kuanzia mdomo wa mtaro ukipanda juu. Zikikutana njia mbili, fuata ile yenye maji. Pima amonia kila kituo: ikifika miligramu 0.5 kwa lita au zaidi, kuna uwezekano mkubwa wa maji ya choo. Ukifika kwenye jengo unalolishuku, mimina rangi ya kupimia chooni na kwenye sinki, mwenzako akiwa anatazama chemba ya chini. Angalieni kutoka juu tu. Msiingie, maana gesi ya salfaidi hidrojeni huua mtu kabla hajawahi kupanda ngazi.

Bustani isijengwe kabla ya kuziba miunganisho hiyo. Ikipokea maji taka kila siku, udongo hautapata nafasi ya kukauka, utaziba na kunuka.

Hesabu_Kwanza:
Naunga mkono. Kuhusu kupanua mtaro: utayafikisha maji chini kwa kasi zaidi, kingo za kijito zitamomonyoka na mafuriko yatawahamia wa bonde la chini. Uchafu hautapungua hata chembe.

Weusi wa dakika za mwanzo ni vumbi la matairi na breki, mafuta, na zinki ya mabati, vyote vilivyolundikana tangu mvua iliyopita. Ndiyo maana tunalenga kudaka maji ya mwanzo, si mvua yote. Tuseme milimita 20 za kwanza. Milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo hekta 2 zinapokea mita za ujazo 400. Asilimia 90 zikitiririka, una 360 za kushughulikia.

Bustani ya mita za mraba 1,000, yaani asilimia 5 ya eneo, yenye kina cha maji cha sm 25 juu, inashika 250. Udongo wa sm 70 wenye nafasi wazi ya asilimia 20 unaongeza 140. Jumla 390, inatosha. Eneo si lazima liwe kipande kimoja. Vipande vidogo kando ya barabara ni bora zaidi.

Mvua ya milimita 60 kwa saa itakuletea kama lita 300 kwa sekunde. Maji hayo yapite pembeni kwenye njia ya kufurikia, yasichimbe bustani.

ChembaSafi:
Hesabu ni sawa, ila bustani nyingi hufia kwenye ujenzi. Mchanganyiko wa udongo uwe mchanga kwa sehemu kubwa, na mabaki ya viumbehai yaliyooza asilimia 3 hadi 5 tu kwa uzito. Mboji ikizidi, yenyewe inatoa fosforasi na kuchafua kijito ulichokusudia kukilinda. Usitandike kitambaa cha kuchujia kati ya udongo na kokoto za chini, kwani chembe laini hukwama hapo na maji husimama. Weka tabaka la sm 10 la kokoto ndogo badala yake.

Na ijengwe mwisho kabisa, ujenzi wa jirani ukiisha na udongo uliochimbuliwa ukishashikwa na nyasi. Lori moja likipita juu yake, umeshindilia kila kitu. Pa kuingilia maji weka chemba yenye shimo la kudaka tope, na uizoe tope likifika nusu ya kina cha shimo. Ukichelewa, mvua inayofuata inalivuruga na kulisukuma lote bustanini.

Mtaro_Wazi:
Nimewaelewa. Udongo wa asili ni mfinyanzi. Na mbu je?

Hesabu_Kwanza:
Kwa mfinyanzi, laza bomba lenye matundu la milimita 100 hadi 150 ndani ya kokoto za chini, likitoka kuelekea mtaroni. Maji ya juu yaishe ndani ya saa 48. Yai la mbu huhitaji kama wiki moja hadi awe mbu kamili, hivyo bustani inayofanya kazi haizalishi mbu. Hofia zile chemba za tope, ambazo hazikauki. Mifuniko ikae barabara, na penye viluwiluwi weka dawa ya Bti, yaani bakteria wanaoua viluwiluwi vya mbu.