Mrejesho: Mama tumembadilishia kifaa cha moyo

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kama mama, miaka 88, wa kitandani, abadilishiwe kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo maana betri inaisha, au tumwache apumzike.

Tumebadilisha. Kilichoamua ni lile swali mlilonituma kwa daktari: bila kifaa, moyo wenyewe unapiga mara ngapi? Akapima tukiwepo: 28 kwa dakika. Kumbe kuacha betri iishe kusingempumzisha, kungemletea kizunguzungu na kuzimia. Walitia ganzi chini ya mtulinga tu, nyaya za zamani zikabaki. Kaka alihofia kifaa kitamzuia kuondoka siku ikifika. Daktari akasema hapana, moyo ukichoka kabisa hauitikii tena umeme. Na tumekubaliana moyo ukisimama, asikandamizwe kifua.

Sasa kazi ni kisigino. Kina wekundu ambao haukuwa unapotea hata ukibonyeza, dalili ya kidonda kuanza. Tunaweka mto chini ya mashavu ya miguu, visigino vining'inie, na tunamgeuza kila saa mbili, hata usiku. Jana nilibonyeza, pakawa peupe kidogo. Nililia kwa furaha.