ZZ yangu ina madoa meusi kwenye mashina: nikate au niache?

MamaNuru (Tabata, Dar es Salaam)

Habari zenu wapenzi wa maua. Naomba msaada, na naomba mtu asinijibu "tupa ununue jingine", kwa sababu hili silitupi. Ni ZZ (ua la chunguni, wengine huliita zamioculcas) niliyoachiwa na shangazi alipohamia Dodoma miaka mitatu iliyopita. Alilitoa kwenye chungu chake, akaligawa kwa mikono, nusu akabeba, nusu akanipa. Lilikuwa na mashina matano. Sasa lina mashina 14, na marefu yake yananifika kiunoni.

Tatizo lilianza katikati ya Aprili. Masika ilipokolea nililitoa kibarazani likanywe maji ya mvua. Likakaa nje siku kama kumi, kisha nikalirudisha sebuleni kwenye chungu chake cha urembo, kile cha kauri, likiwa bado ndani ya kopo lake la plastiki. Wiki iliyopita shina moja la pembeni likaanza kuwa manjano kutokea majani ya chini. Juzi nilikuwa nafagia, nikaligusa tu, likalala. Pale linapoingia udongoni lilikuwa la kahawia na limelainika kama ndizi iliyoiva ikapitiliza.

Ndipo nikakaa chini kuangalia mashina mengine, nikashtuka. Karibu yote yana madoa. Ni meusi yanayoelekea zambarau, mengine kama matone ya wino, mengine michirizi iliyokata shina kwa upana. Yamejaa chini kwenye unene, yanapungua ukipanda juu. Sikumbuki kuyaona zamani. Nilimwonyesha picha muuza maua wa barabarani, akasema ni ukungu umeshapanda, akaniuzia dawa ya kupuliza. Nimepuliza mara mbili, madoa yako vilevile. Jirani yangu anasema nikate kila shina lenye doa kabla sijapoteza na maua mengine. Nikifanya hivyo nitabaki na mashina mawili matatu.

Kisu ninacho mezani. Nikate?

Barazani_Tanga

Dada, kirudishe kisu jikoni kwanza. Pole, na usiku huu usikate kitu.

Kwa ulivyoeleza, unaangalia vitu viwili na umevihesabu kuwa ugonjwa mmoja. Madoa meusi ya kwenye unene wa shina ni rangi yake ZZ. Limezaliwa nayo, kama chui na madoa yake. Mimi ninayo saba hapa barazani na yote yanayo. Hukuyaona zamani kwa sababu hukuwa na sababu ya kuinama kuyatafuta. Shina linapozeeka na kunenepa nayo yanaonekana zaidi. Dawa haiwezi kuyafuta kwa kuwa hakuna cha kuua pale.

Lile shina lililolala ni jambo jingine kabisa. Hilo limeoza, na uozo haukuanzia kwenye shina, umetoka chini.

Sasa usiniamini mimi, amini vidole vyako. Shika kila shina pale linapotokeza udongoni, libane kati ya kidole gumba na cha shahada. Zima ni gumu kama tango bichi, hata likiwa limejaa madoa. Bovu linabonyea, na ngozi yake inateleza juu ya nyama. Angalia na kingo za doa: doa la asili limetulia, ngozi juu yake ni laini na inang'aa kama sehemu nyingine. Uozo ni wa kahawia wenye majimaji, hauna mpaka mzuri, na kesho utaukuta umepanda zaidi ya leo. Kisha nusa. Udongo mzima unanuka udongo.

Halafu kinyanyue kile kikopo cha plastiki, uchungulie ndani ya chungu cha kauri. Niambie umekuta nini.

MamaNuru

Kaka, nimefanya sasa hivi kwa tochi ya simu.

Mashina 14 kwa kuhesabu na lile lililolala. Kumi na moja ni magumu kama ulivyosema, tango kabisa, na kati yake tisa yana madoa. Matatu yanabonyea, likiwemo lililolala, na hayo mawili mengine yako upande huohuo. Moja kati yao halina hata doa moja jeusi! Ningemfuata jirani ningeliacha bovu na kukata mazima.

Ndani ya chungu cha kauri nimekuta maji kina cha vidole vinne, yananuka kama mtaro. Chungu chenyewe hakina tundu. Nilipolirudisha kutoka mvuani sikumwaga kitu, na baada ya hapo nimeendelea kulimwagilia kila Jumapili kama kawaida. Inaniuma, kwa sababu nilidhani nalitunza.

Barazani_Tanga

Umelitunza miaka mitatu likatoka mashina 5 hadi 14, hilo halifutwi na wiki tatu za maji.

Ngoja nikueleze ua lenyewe, maana ukilijua matibabu yatakuja yenyewe. Hili ni ua la kwetu. Watu wanalinunua ghali wakidhani limetoka Ulaya, kwa sababu Waholanzi ndio walioanza kulizalisha kwa wingi kwa biashara miaka ya 1990. Jina lake la kitaalamu ni Zamioculcas zamiifolia, na kwao ni mashariki na kusini mwa Afrika, kuanzia Kenya, Tanzania bara na Zanzibar mpaka kule KwaZulu-Natal. Wanasayansi waliliandika mara ya kwanza mwaka 1829. Linaota kwenye misitu mikavu na penye mawe, mahali ambapo mvua ikinyesha inanyesha kweli, kisha jua linakaa miezi. Kwa hiyo limejiwekea akiba. Ukichimba chini utakuta viazi, vinafanana na viazi mviringo vyenye mizizi minene. Hicho kiazi ndicho shina lake hasa. Haya tunayoyaita mashina ni vikonyo vya majani: kila kimoja, na vijani vyake vyote vya pembeni, ni jani moja. Kikonyo hicho kwa asilimia 95 ni maji. Basi ukikipa maji zaidi unakipa kitu ambacho tayari kimejaa, na mizizi inakosa hewa, inakufa, uozo unaingia kwenye kiazi, ndipo kikonyo kinalainika kutokea chini.

Kesho asubuhi fanya hivi. Tandika gazeti, litoe lote kwenye kopo. Vaa glovu au mfuko wa plastiki mkononi, utomvu wake unawasha na ukiingia mdomoni unachoma, kwa hiyo na watoto wakae mbali. Pukuta udongo wote, usibakishe ule wa zamani hata kidogo. Suuza viazi uvione. Kizima ni kigumu, kibovu kinapasuka ukikiminya na ndani ni cha kahawia. Kata kila kibovu. Kikiwa kibovu nusu, kata mpaka ukutane na nyama safi isiyo na hata mstari wa kahawia, na kila unapokata futa kisu kwa spiriti, la sivyo unaupaka uozo kwenye kizima. Mizizi iliyobaki kama nyuzi tupu, ng'oa.

Baada ya hapo usipande. Wengi wanaharibu hapa, wanaosha vizuri halafu wanalirudisha udongoni likiwa na vidonda vibichi. Liweke kivulini penye upepo siku mbili, vidonda vikauke vifanye ngozi. Halitakufa. Hili linaweza kukaa ndani miezi minne bila tone la maji, siku mbili ni nini? Mimi huwa napaka unga wa mkaa kwenye vidonda, marehemu mama alifanya hivyo kwa viazi vya mbegu, nami nimeendelea.

Udongo: sehemu moja udongo wa bustani, sehemu moja mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa (wa baharini usitumie, una chumvi), sehemu moja kokoto ndogo au makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa. Chungu cha udongo wa kufinyanga, chenye tundu, kilichozidi viazi kwa vidole viwili tu kila upande. Chungu kikubwa ni kosa: udongo usio na mizizi unakaa na maji. Ukishapanda subiri wiki nzima ndipo umwagilie. Baada ya hapo usihesabu Jumapili. Chomeka kijiti cha mshikaki mpaka chini. Kikitoka na udongo umeshika, acha.

Dawa ya ukungu weka kando. Iliyooza haiponi, inakatwa.

DadaWaRongai

Pole sana mama Nuru. Niongeze la huku kwetu, kwa sababu yangu ilikuwa na dalili karibu sawa lakini sababu tofauti. Nilikuwa nimeiweka nje kwenye balkoni, ikafika Julai na baridi yake. Vikonyo viwili vikawa kama vimelowa maji ndani, unaona mwanga ukipita, halafu vikawa kahawia. Maji sikuwa nimemwaga. Ilikuwa baridi. Niliirudisha ndani, nikakata hivyo viwili, ikatulia. Kwa hivyo wenzangu wa nyanda za juu, usiku ukishuka chini ya nyuzi 15 ingizeni ndani.

Swali kwa Barazani: kikonyo kikiwa na mikunjo kama ngozi ya mzee, ni kiu?

Barazani_Tanga

Dada, gusa udongo kabla hujaamua. Mikunjo na udongo mkavu mpaka chini ni kiu, mpe maji, baada ya siku chache kitajaa. Mikunjo na udongo uliolowa maana yake mizizi imekufa, maji yapo lakini hakuna wa kuyanywa. Ukiongeza hapo umelimaliza. Sura ni moja na tiba zinapingana, ndiyo maana picha peke yake hainitoshi.

Na kikonyo kimoja cha nje kabisa, cha zamani, kikigeuka manjano polepole na kukauka huku kikiwa kigumu, huo ni uzee, kikate tu. Baka la kahawia lililokauka kama gamba upande wa dirishani ni jua limechoma. Halitarudi kijani, lakini halisambai.

BiMwana_Maskati

Assalaam alaikum. Mimi ni wa Unguja, nipo Maskati mwaka wa kumi na moja. Ninayo ile ZZ ya majani meusi, na niliponunua nilikaribia kuirudisha dukani kwa kuwa vichipukizi vilitoka kijani kibichi, nikadhani inageuka mgonjwa. Kumbe ndivyo ilivyo, inatoka kijani kisha inaiva nyeusi. Nje joto ni kali lakini sebuleni kiyoyozi hakizimwi, basi namwagilia mara moja kwa wiki tatu, saa nyingine nne. Mwanangu Mama Nuru, lile shina bovu usilitupe lote. Juu kama bado kuna vijani vigumu vya kijani, vichume, viache siku moja, vichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kidogo. Kuwa na subira, ni miezi mingi. Kitaanza kiazi kidogo kama njugu chini, ndipo kichipukizi.

MamaNuru

Ahsanteni sana wote. Shikamoo Bi Mwana.

Nimelitoa leo. Viazi vilikuwa sita. Viwili vilikuwa uji, nilivishika vikapasukia mkononi. Kimoja kilikuwa kibovu upande mmoja. Nilikikata mara nne, kila mara nafuta kisu, hadi nikapata nyama nyeupe tupu. Hicho kilikuwa na shina zima moja ambalo limeng'oka nalo, likanitoa machozi kidogo. Yamebaki mashina kumi. Nimechuma vijani tisa kwenye yale mabovu. Nimepaka mkaa. Yote yamelala kwenye gazeti ukumbini, Nuru anauliza kwa nini ua limelazwa kama mgonjwa.

Shangazi nimempigia. Kanyamaza kidogo, akasema la kwake analimwagilia mara moja kwa mwezi.

Barazani_Tanga

Kumi ni mengi. Shangazi anajua. Usiligeuzegeuze, na ukiona vijani viwili vitatu vinadondoka wiki za mwanzo usitishike, linapunguza mzigo.

MamaNuru

Wiki nane baadaye, nimerudi kama nilivyoahidi.

Mawili yaligeuka manjano wiki ya tatu, nikayabana, yalikuwa magumu, nikayaacha. Moja limekauka, jingine limebaki na majani nusu. Manane hayajabadilika kitu. Chungu ni cha kufinyanga, nilikipata kwa shilingi 7,000, na kile cha kauri sasa kina miavuli mlangoni. Nimemwagilia mara mbili tu tangu nilipande. Vijani vya mchangani bado, naviacha, sivichomoi kuchungulia ingawa natamani.

Jana asubuhi nimekuta kichipukizi. Kimetokea upande uleule tulipokata kiazi nusu, kimesimama kama ncha ya mkuki, majani bado yamekunjwa ndani. Nilipiga magoti kukiangalia vizuri. Udongo ni mpya, mchanga ni mpya, hakijapata maji mengi wala dawa, kina urefu wa kidole. Na chini pale kwenye unene tayari kina madoa yake meusi.