Kurusha data kati ya seva mbili: muda wote, usiku tu, au kila robo saa?

Mtunza_Seva, Dar
Wakuu, heshima kwenu. Natunza seva za duka la jumla la dawa. Makao makuu yako Dar, tawi kubwa liko Mwanza. Tunataka seva ya Mwanza iwe na kila kilichopo Dar, ili Dar ikizimika kazi iendelee. Mizigo ni miwili: kanzidata ya mauzo na stoo, inayoendeshwa na programu ya MySQL 8.0, na folda ya ankara zilizoskaniwa yenye gigabaiti 180, ambayo inaongezeka gigabaiti 4 hivi kwa siku. Laini ni megabiti 10 kwa sekunde, na mchana wauzaji na wahasibu wote wanaitegemea hiyohiyo.

Nimebaki na njia tatu: data irushwe muda wote, irushwe usiku tu, au kila dakika 15 huku spidi imebanwa. Bosi anataka usiku tu. Mwezi jana mtandao ulikwama mchana, wateja wakasimama foleni kaunta, na hataki kuliona tena. Waliopitia haya, naombeni uzoefu.

Fundi_Mbeya
Bosi wako yuko sahihi, mkuu. rsync (programu ya kunakili mafaili kati ya seva) ndani ya cron (kipanga ratiba cha Linux), saa nane usiku, ukibana spidi kwa `--bwlimit` ili usile laini yote. Ni njia nyepesi kuielewa, na likitokea tatizo unafungua logi moja tu. Nimeendesha matawi matatu hivyo kwa miaka minne.

Bi_Kanzidata
Kaka Fundi, kwa mafaili nakuunga mkono. Kwa kanzidata hapana, na nitaeleza kwa urefu kidogo kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

Mtunza, jiulize: seva ya Dar ikiungua saa kumi jioni, Mwanza itakuwa na nini? Ukituma usiku tu, itakuwa na hali ya jana. Mauzo yote ya leo yamekwenda. Ankara ya karatasi unaweza kuiskani tena, lakini stoo iliyopungua kwenye mauzo mia tatu utaikumbuka vipi? Kwenye dawa, namba za toleo na tarehe za kuisha muda zinapotea pamoja nayo.

Halafu watu wanaogopa kurusha muda wote bila kupima. MySQL hairushi kanzidata nzima. Inarusha mabadiliko tu, yaliyoandikwa kwenye binlog, yaani daftari lake la mabadiliko. Leo nenda kwenye folda ya binlog, angalia faili za siku moja zina ukubwa gani, gawanya kwa saa za kazi, kisha urudi hapa.

Na tafadhali, asije mtu akaelekeza rsync kwenye `/var/lib/mysql`, folda ya data ya MySQL, huku MySQL inafanya kazi. Faili moja litanakiliwa saa nane kamili, jingine saa nane na dakika kumi, na katikati mauzo yameingia. Nakala hiyo utaiona iko pale, siku ya kuihitaji haiwaki.

Kipanga_Msa
Salamu kutoka Mombasa. Sisi tuko kwa Windows Server, tunatumia DFS Replication, mfumo wake wa kulinganisha folda kati ya seva, kwa mafaili. Ratiba unaichora ya wiki nzima, robo saa kwa robo saa, na kila kipande unakipa spidi yake, kwa hivyo hulazimiki kuchagua kati ya mchana na usiku. Mchana tunaipa kidogo, usiku tunaifungulia.

Tahadhari moja. Kama pande zote mbili zinaandika, kuifunga mchana kunaleta migongano. Mtu wa Mombasa na mtu wa Nakuru wanahariri faili moja, usiku zikikutana aliyehifadhi mwisho ndiye anashinda. Kazi ya mwenzake inatupwa kwa folda iliyofichwa, ConflictAndDeleted, na yeye haambiwi. Kadiri unavyochelewesha kutuma, ndivyo nafasi ya migongano inapanuka. Kama Mwanza inapokea tu, hilo halikuhusu.

Mtunza_Seva, Dar
Nimepima. Jana binlog ilijaa megabaiti 310 kwa saa 12 za kazi. Hiyo ni kama kilobaiti 7 kwa sekunde, haifiki hata megabiti 0.1. Kwa kweli nilidhani ni mara kumi ya hapo. Kilichokwamisha mtandao mwezi jana basi yalikuwa mafaili.

Swali kwa Bi Kanzidata: nimeona MySQL ina mpangilio wa kuchelewesha, `SOURCE_DELAY`. Naweza kuiweka ili kanzidata nayo isubiri usiku, bosi aridhike?

Bi_Kanzidata
Hapana, na hilo linawachanganya wengi. `SOURCE_DELAY` haicheleweshi kurusha. Data inasafiri palepale, inafika Mwanza na kuandikwa kwenye relay log (daftari la mapokezi), kisha inakaa bila kutekelezwa mpaka sekunde ulizotaja zipite. Faida yake ni nyingine: mtu akifuta jedwali kwa bahati mbaya saa tano, na seva ya pili umeichelewesha saa moja, una muda wa kuisimamisha kabla haijafuta na yenyewe. Kwenye laini haikuokolei chochote.

Anayetaka kuzuia safari yenyewe anatumia `STOP REPLICA IO_THREAD` asubuhi na `START` usiku. Kwa megabaiti 310 sioni sababu. Mpelekee bosi hiyo namba uliyopima.

Jingine: usiitegemee `Seconds_Behind_Source` peke yake kujua kama Mwanza imechelewa. Laini ikiwa nzito, Mwanza inaweza kuonyesha 0 kwa sababu imeshatekeleza yote iliyopokea, kumbe yaliyobaki Dar haijayaona. Tengeneza jedwali dogo, Dar iandike saa ndani yake kila dakika, Mwanza isome. Tofauti utaiona kwa macho.

Nyota_ya_Kaskazini
Naongezea kuhusu binlog. MySQL 8.0 inazitunza siku 30 kama hujagusa kitu. Sisi tulipunguza hadi siku moja ili kuokoa diski. Mei 2024, nyaya mbili za baharini zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora, seva yetu mama ilikuwa Ulaya. Nakala yetu ya huku ilibaki nyuma zaidi ya siku moja, na ilipounganika tena binlog ilizozihitaji zilikuwa zimeshafutwa. Tulianza kunakili upya kanzidata nzima. Acha angalau siku saba.

Mzee_wa_Logi
Vijana wangu, mmetaja saa nane usiku bila kutaja saa ya seva, nami hapo lazima niseme.

Nilimpa fundi kazi hiyohiyo: "tuma saa nane usiku". Akaandika `0 8 * * *`. Cron inahesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo 8 ni saa mbili asubuhi kwetu. Na seva ilikuwa kwenye UTC, saa ya kimataifa, saa tatu nyuma yetu, basi kazi ikaanza saa tano asubuhi, duka limejaa. Tulitafuta kirusi siku mbili.

Saa nane usiku yetu ni 2:00. Seva ikiwa kwenye UTC unaandika `0 23`. Na kama ni kazi ya usiku wa kuamkia Jumapili, kwenye cron siku yake ni Jumamosi. Mimi sasa kila seva naiweka saa za kwetu kwa `timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`, naiwasha cron upya, kisha naandika `0 2`.

Pia cron haikumbuki kazi iliyokosa. Umeme ukikatika saa saba ukarudi saa tisa, usiku huo hakuna kilichotumwa. Timer ya systemd (kipanga ratiba kingine cha Linux) yenye `Persistent=true` inaifanya kazi pale seva inapowaka.

Fundi_Mbeya
Hilo la Persistent nalichukua, mzee wangu. Ila iwekeeni na kikomo cha muda. Umeme ukirudi saa mbili asubuhi, kazi itaanza hapohapo na kuwakuta wauzaji kaunta.

Mtunza_Seva, Dar
Mrejesho, wakuu. Bosi amekubali baada ya kuona hesabu. Kanzidata inarushwa muda wote, binlog siku 14. Mafaili ni timer ya saa nne usiku, `timeout 7h` mbele ya rsync ili ikatike baada ya saa 7, `--partial` ili faili lililokatika njiani litunzwe, na `--bwlimit=1000`, yaani kilobaiti 1000 kwa sekunde. Script inaangalia saa kwanza: ikikuta ni mchana inatumia `--bwlimit=60`. Asante Fundi.

Kwa spidi hiyo usiku mmoja unabeba gigabaiti 25 hivi, kwa hiyo gigabaiti 180 za mwanzo zingechukua zaidi ya wiki. Nimezinakili kwenye diski iliyofungwa kwa LUKS (usimbaji wa Linux), kwa `rsync -a` ili tarehe za mafaili zibaki zilezile, la sivyo Mwanza ingeanza kulichunguza kila faili upya. Diski imepanda basi la alfajiri leo. Nenosiri nitampa kijana wa Mwanza kwa simu akishaipokea.