Bega bandia la kugeuzwa: mama ajiandae vipi?

Mtoto wa Kisauni
Wakuu, mama ana miaka 71. Bega la kushoto limesagika na kano zimekatika. Daktari wa mifupa anataka kumwekea bega bandia "la kugeuzwa". Kwa nini ligeuzwe? Na nyumbani tutarajie nini?

Fizio
Kwa kawaida tufe liko juu ya mfupa wa mkono, na kikombe chake kiko kwenye bapa la bega. Kano nne ndizo hulizuia tufe lisipande. Zikishakatika, bega bandia la mpangilio uleule hulegea upesi, maana tufe linapanda na kukigonga kikombe ukingoni. Mfaransa Paul Grammont aliugeuza mpangilio huo miaka ya 1980: tufe la chuma linafungwa kwa skrubu kwenye bapa, kikombe cha plastiki kinakaa juu ya mkono, na mkono unainuliwa na ule msuli mnene wa nje ya bega. Ulizeni kama msuli huo na neva yake vimepimwa. Ukiwa umepooza, bega hili halitamfaa.

Nesi wodi ya mifupa
Ganzi ya shingoni, ile sindano ya kuutia ganzi mkono, hudumu saa 12 hadi 24 hivi. Mpeni dawa ya maumivu kabla haijaisha, msingoje ashtuke usiku. Sauti ikikwaruza au kope ikilegea upande huo, mara nyingi ni ganzi hiyo. Akihema kwa shida, mwiteni daktari. Slingi, yaani kitambaa cha kuning'iniza mkono shingoni, atavaa wiki 4 hadi 6. Alale ameegemea mito, na mto mdogo chini ya kiwiko kisidondoke nyuma. Vidole na kifundo cha mkono achezeshe tangu siku ya kwanza. Kwapa lisinyolewe kabla ya upasuaji. Wembe huacha michubuko, na vijidudu vya hapo huweza kujificha ndani ya bega miezi kadhaa, dalili ikiwa maumivu na ukakamavu tu.

Fizio
Naongeza moja, nalo ni zito: mkono usiende nyuma ya mgongo. Hapo ndipo bega hili huchomoka. Kwa kuwa ni la kushoto, fikirieni choo mapema. Atawaze kwa mkono wa kulia kupitia mbele, au asaidiwe. Kanga afungwe na mtu. Asijisukume kwa mkono huo akiinuka kitini, wala asiuegemee akisujudu, aswali kitini.

Mtoto wa Kisauni
Ahsanteni sana. Baadaye atainua mkono mpaka wapi?

Fizio
Wengi hufika usawa wa kichwa, na nguvu huongezeka hadi kama mwaka. Kufikia mgongo ndiko hubaki kugumu.