Tupeane uzoefu: uliyepitia Nyumba ya Sanaa au ukumbi wowote wa kazi za mikono

Kitenge_cha_Bibi: Wadau, mwanangu kaniuliza kinyago cha sebuleni nilikitoa wapi, nikaikumbuka Nyumba ya Sanaa pale Dar. Sista Jean Pruitt aliianzisha 1972, Mwalimu Nyerere akafungua jengo lake 1983. Enzi zile ulikuwa ukiingia, harufu ya nta inakupokea mlangoni, na unanunua kwa mkono uleule uliotengeneza. Mwenye kumbukumbu ashushe hapa.

Msasa: Umenikumbusha mbali. George Lilanga, yule mchoraji na mchongaji maarufu, mwenyewe alianzia pale kama mlinzi wa usiku.

Dada_wa_Nta: Mimi yangu ni ya galeri nyingine, siitaji. Niliwapa batiki kwa mali kauli, yaani wauze kwanza ndipo wanilipe. Zile za rangi tatu: funika nta, tumbukiza kwenye rangi, kausha, funika tena, mgongo unakatika. Hawakuandika chochote, "sisi ndugu bwana". Kila nikifuatilia, mhasibu katoka. Siku hiyo naingia, naikuta ile ya akina mama kisimani, fremu imefunika jina langu, na mteja anahesabu dola. Nikamwambia, dada, hiyo kazi yangu, geuza nyuma uone uzi mwekundu kwenye pindo, ndiyo alama yangu. Akageuza, akauona. Wakamwita mlinzi anitoe. Yule mama akazirudisha hela zake kwenye pochi, akasema halipi mpaka aone nimelipwa mimi kwanza. Nikalipwa ya ile moja. Zilizobaki, mpaka leo kimya.

Msasa: Pole sana dada. Mali kauli imetumaliza wengi.

Mkuu_wa_Kaya: Bila maandishi mlitegemea nini?

Mchonga_Masasi: Mkuu, usimlaumu aliyedhulumiwa. Ukidai karatasi wanakwambia chukua mzigo wako, na kodi ya nyumba inakusubiri.

Mkuu_wa_Kaya: Sijamlaumu, nasema ukweli.

Kitenge_cha_Bibi: Jamani tusigombane. Mimi naogopa kuuziwa mti mwingine kwa jina la mpingo. Mnautambuaje?

Baharia: Tumbukiza kwenye ndoo ya maji. Mpingo unazama.

Mchonga_Masasi: Usitumbukize kinyago kilichokwisha pigwa msasa, utakiharibu! Kwaruza kidogo chini ya kitako. Kama ni mti mwingine uliopakwa kiwi ya viatu, kiwi itabaki kwenye ukucha. Na ukiona ukanda mweupe pembeni usikimbie, mpingo moyo ndio mweusi, nje ni mweupe.

Baharia: Mie bado nasema ndoo.

Mama_Ukili: Nendeni Mwenge mkae na wachongaji, mtalitambua gogo kabla halijawa kinyago. Na msikiweke karibu na kiyoyozi, kinapasuka.

Msasa: Dada wa Nta, yule mteja mlionana tena?

Dada_wa_Nta: Ananiagiza mwenyewe siku hizi. Na kazi haitoki kwangu sasa bila daftari kusainiwa na kila kitambaa kupigwa picha mbele na nyuma.

Mama_Ukili: Na hilo daftari lisainiwe nakala mbili, moja ubaki nayo.