Naomba ushauri: LUKU moja, vyumba sita
Ndugu zangu, naomba ushauri. Nimepanga chumba Manzese, Dar es Salaam, katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita vinavyotazamana kwenye korido, ua mmoja, choo kimoja na mita moja ya LUKU (umeme wa kulipia kabla ya kutumia) ambayo kila chumba huichangia sawa, ingawa mama wa chumba cha pili ana friza la kugandishia barafu za kuuza, nami nina taa na feni tu. Mwenye nyumba, ambaye kodi ya miezi sita alishaipokea, anasema tuelewane wenyewe. Je, nipendekeze tuchangie kwa kuhesabu vifaa, au nifunge mita ndogo ya kupimia matumizi ya chumba changu? Ugomvi siutaki, kwani mama huyo ndiye anayenianulia nguo mvua ikinyesha nikiwa kazini.