Mliowafuata wenza wenu Kanada, mliombea hapa Dar au mlitangulia kwanza? Tupeane uzoefu

Binti wa Tabata
Wakuu, habari za jioni. Leo nimetoka Terminal 3 kumsindikiza rafiki yangu, anamfuata mumewe Calgary. Alivyogeuka pale mlangoni kutupungia mkono nililia kuliko mama yake mzazi, maana na mimi niko foleni hiyohiyo. Mume wangu yuko Edmonton, ana ukazi wa kudumu, ndoa yetu ina mwaka na miezi minne. Yeye anataka niombe viza ya matembezi, nikifika tujaze fomu za udhamini nikiwa ndani. Kaka yangu anasema nitulie hapahapa niombee kutoka Dar. Mliopita njia hizi mwageni yaliyowakuta. Ya kweli, siyo ya kunifariji.

Kinyozi wa Sinza
Siti ya mbele. Wajuzi wanakuja.

Mama Wawili
Mimi niliombea hapahapa, mume akiwa Winnipeg. Watu wanadhani cheti cha ndoa kinatosha. Thubutu! Wanataka kujua mlikutana wapi, nani aliwakutanisha, ndugu gani walihudhuria harusi, na kama kuna mzazi hakuja, kwa nini. Baba mkwe wangu hakuja kwa sababu alinuna juu ya mambo ya mahari. Sasa hilo unaliandikaje kwa Kiingereza cha serikali? Nikaandika alikuwa mgonjwa. Mume akasema futa, wakikuuliza ugonjwa gani utajibu nini? Tukaandika kulikuwa na kutoelewana kwa kifamilia, basi.

Picha zangu nyingi zilikuwa za ukumbini, tumesimama kama sanamu. Nikamwendea shangazi Ilala, akanitolea moja mume wangu amekalia mbuzi anakuna nazi, kiunoni kanga ya mama. Mpaka leo naamini ile nazi ndiyo iliyonivusha.

Alama za vidole dola 85 za kwao, vipimo kwa daktari waliyemteua wao (siyo wa zahanati ya mtaani), hati ya polisi ya tabia njema. Halafu kimya. Unaamka, unafungua barua pepe, hakuna kitu, unaenda kazini. Lakini nilikuwa na kazi yangu na nilikaa kwa mama, kodi silipi. Na jambo moja msilidharau: ukiombea nje, wakikataa, mdhamini wako ana haki ya kukata rufaa. Ukiombea ndani, rufaa hiyo huna.

Dereva wa Mbagala
Nakazia hapo kwenye rufaa.

Fundi AC
Mnamtisha bure. Afunge safari aende, mambo mengine mbele kwa mbele. Nani alishawahi kupata mtoto kwa WhatsApp?

Mtoto wa Tanga
Fundi, mimi nilikwenda mbele kwa mbele. Ngoja nikusimulie.

Mke wangu ni raia wa kule. Nilipata viza ya matembezi, nikafika Toronto, tukajaza fomu za ndani. Siwezi kusema uongo, ndani kuna utamu wake. Mnalala nyumba moja, na unaruhusiwa kuomba kibali cha kufanya kazi popote wakati faili linasubiri. Nilibeba maboksi ghalani, nikawa natuma hela nyumbani, nikajiona nimemaliza.

Sharti ni kwamba muwe mnaishi pamoja kulekule. Ukitoka nchini, hakuna wa kukuhakikishia kwamba utaingia tena, na usiporudi faili lenyewe liko hatarini. Viza yangu ilikuwa imeshaisha muda, nilikuwa naishi kwa karatasi za kusubiri.

Mwezi wa pili, usiku, kaka kapiga. Mzee ametangulia. Kwetu mnajua, maiti hailali, ni kesho yake baada ya adhuhuri. Mke wangu akasema nenda, tutaanza upya. Nikaitazama ile tiketi kwenye simu mpaka mwanga ukajizima. Sikwenda. Nimekaa kwenye ngazi za fleti, nje nyuzi kumi na nane chini ya sifuri, binamu ameshika simu makaburini. Bando lake linakatika, picha inaganda, inarudi. Ilipoganda mara ya mwisho nilikuwa namwona mdogo wangu anashuka kaburini kumpokea baba. Pale palikuwa mahali pangu mimi, mtoto wa pili.

Ukazi ukatoka miezi mitano baadaye. Watu walinipongeza, nikasema ahsanteni.

Mama Wawili
Inna lillahi wa inna ilaihi raji'un. Pole sana mdogo wangu.

Fundi AC
Pole kaka. Nimefuta kauli.

Karani Mstaafu
Poleni. Ila mnamchanganya binti. Siyo kwamba aliye kule lazima aombee ndani. Anaweza kuwa matembezini kule na bado akaingiza ombi la nje, rufaa yake ikabaki palepale. Na kwenye viza ya matembezi asije akaficha kwamba ana mume huko. Sheria yao inamruhusu mtu kutaka kutembea leo na kuhamia baadaye. Uongo hauruhusiwi, ukikamatwa ni miaka 5 nje ya geti.

Mzalendo Halisi
Yote ya nini? Mume arudi Dar, mkae wote, mkiombea taratibu huku mnakula kisamvu.

Karani Mstaafu
Angekuwa raia wa kule angeweza, kwa kuonyesha kwamba mtarudi wote mkishapata. Huyu ni mkazi tu. Mkazi lazima awe anaishi Kanada ndipo adhamini.

Mzalendo Halisi
Halafu mkipata hiyo PR, huo ukazi wa kudumu, mnapoteza Utanzania. Mtajijua.

Dereva wa Mbagala
Ukazi siyo uraia, mzee wangu. Pasipoti ya Tanzania unabaki nayo. Ni siku ukila kiapo cha uraia wao ndipo yetu inaondoka.

Ustadhi wa Temeke
Na wale ambao bado hawajaoa msihangaike na nauli. Mume anaweka wakili, nikahi inasomwa Temeke yeye yuko hukohuko anasikiliza kwenye simu. Ndoa imetimia.

Mama Wawili
Ustadhi, tangu 2015 Kanada hawaikubali ndoa ya wakala wala ya simu kwenye maombi haya. Lazima wote wawili muwe mmekaa pamoja siku ya kufunga.

Ustadhi wa Temeke
Kwa hiyo ndoa ya dada yangu ni batili? Nani kakupa fatwa wewe?

Mama Wawili
Mbele ya Mungu ni halali kabisa. Nazungumzia fomu, wala sijagusa fatwa.

Ustadhi wa Temeke
Fomu zimekuwa kubwa kuliko dini.

Dereva wa Mbagala
Mkimaliza hapo angalieni na cheti chenyewe kimeandikwa mke mmoja au wake wengi. Cha kwangu karani aliandika wengi bila kuniuliza! Tulikwenda kwa hakimu mimi na mke wangu tukatamka kuibadili. Mke wangu alifurahi kuliko siku ya harusi.

Mwanaidi asiyesafiri
Sikutaka kuandika. Ila binti, kabla ya kuchagua ndani au nje, muulize mumeo kwanza yeye aliingiaje.

Wangu alidhaminiwa na mama yake mwaka 2018. Alikuwa na miaka 21, na mtoto wa kudhaminiwa anatakiwa awe chini ya 22 na asiwe na mke. Karatasi zilipokuwa zinasubiri, tulioana. Nikahi ya sebuleni, watu kumi na wawili, mkwe wangu hakuambiwa. Alipoitwa kuondoka alithibitisha kwamba hana mke. Mimi nilikuwa chumba cha pili namsikia anavyosema kwenye simu. Nilinyamaza, nilidhani ni maneno tu ya kuvukia.

Kumbe ambaye hakutajwa siku mwenziwe anaingia, hadhaminiki tena kama familia. Na mume wangu akisema ukweli leo, anaweza kunyang'anywa ukazi wake, maana angesema siku ile asingepewa kabisa. Mtoto wetu alizaliwa baada ya baba yake kufika kule, kwa hiyo yeye anaweza kudhaminiwa. Mimi hapana. Ana miaka minne. Kila simu baba yake anamuuliza, lini unakuja?

Kinyozi wa Sinza
Hii chai. Unamsikia mumeo anakukana na unanyamaza?

Mwanaidi asiyesafiri
Nilikuwa na miaka 19, kaka.

Fundi AC
Huyo jamaa ana mke kule, asikudanganye na sheria.

Mama Wawili
Fundi, adabu.

Dereva wa Mbagala
Siyo chai. Shemeji yangu ilimkuta, tena yeye alificha mtoto tu.

Karani Mstaafu
Dada Mwanaidi, kuna mpango wa majaribio tangu 2019 kwa baadhi ya ambao hawakutajwa.

Mwanaidi asiyesafiri
Nimeuliza. Unawafaa ambao hata wangetajwa, mwenzao angepewa vilevile. Sisi siyo hao.

Karani Mstaafu
Basi imebaki kuomba kwa misingi ya kibinadamu. Hapo tafuta mwanasheria wa kule mwenye leseni, achana na mawakala wa mjini. Na msikilize kwanza kuhusu ukazi wa mumeo kabla ya kujaza chochote.

Ustadhi wa Temeke
Allah akufanyie wepesi dada. Na mimi naomba radhi kwa kelele.

Fundi AC
Tumrudie mwenye uzi. Dada, chagua nje. Au ndani. Ila udhamini ni miaka 3, hata mkiachana mwezi wa pili jamaa anabaki na dhamana yako. Mkopo wa pikipiki una nafuu.

Binti wa Tabata
Nawasoma wote, ahsanteni. Swali la Mwanaidi limenikaa. Mume wangu aliingia 2021 kwa njia ya kazi, na sisi uchumba wetu ulikuwa tayari, tena tulikuwa tumeshapanga chumba Segerea. Mwaka mzima na zaidi tumeishi pamoja kabla hajaondoka.

Karani Mstaafu
Kuishi pamoja miezi 12 mfululizo kule kunahesabika kama mwenza, hata bila ndoa. Aliandika nini?

Binti wa Tabata
Nimemtumia ujumbe sasa hivi nimuulize. Tiki zimekuwa za bluu.

Kinyozi wa Sinza
Kajibu?

Binti wa Tabata
Bado.

Mwanaidi asiyesafiri
Huko sasa hivi ni mchana, yuko kazini. Mpe mpaka alfajiri yetu.